Ahadi na taslimu: miaka yangu sita na televisheni ya umma hapa Ohio

Kadi ya mchango wa harusi kwetu Tanga ina maneno mawili ambayo hata mtoto anayajua: ahadi na taslimu. Unajaza ahadi laki moja, wiki ya mwisho mweka hazina anakupigia simu, unalipa, jina lako linawekwa tiki daftarini, na hapo mambo yamekwisha hadi harusi nyingine. Mama yangu amekuwa mweka hazina wa kamati nyingi mno, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia daftari. Basi usiku ule wa Machi 2019 nilipoinua simu kuahidi mchango wangu wa kwanza kwa kituo cha televisheni ya umma hapa Ohio, sikuuliza swali hata moja. Ahadi naijua, nilijiambia.

Naandika kwa sababu kila msimu wa kuchangisha unapofika, kuna dada au kaka Mswahili huku Marekani ananipigia kuuliza kama ile namba inayopita chini ya skrini ni ya kweli, na akitoa hela zitakwenda wapi. Nimejibu kwa simu mara nyingi. Leo najibu kwa maandishi, makosa yangu yakiwemo.

Tulifika Januari 2016, mume wangu, mimi na mtoto wetu Rama aliyekuwa na miaka minne. Mume wangu alipata kazi ya usiku ghalani. Mimi nilikaa ndani miezi minane nikisubiri karatasi zangu za kazi, theluji nje, pamoja na mtoto aliyejua neno moja tu la Kiingereza, la kukataa. Televisheni ya kulipia kila mwezi hatukuiweza. Mama mmoja wa Bukavu aliyekaa ghorofa ya juu yetu ndiye aliyetuambia kuna antena ya kubandika dirishani. Tuliinunua dola 18. Ikashika chaneli kadhaa, na moja ilikuwa tofauti na zote: asubuhi nzima vipindi vya watoto, na hakuna tangazo la soda wala la midoli linalokatiza katikati.

Rama alikaa mbele ya Sesame Street kila asubuhi kama mtu mwenye miadi. Mimi nilikuwa nyuma yake nakunja nguo, narudia maneno kimyakimya. Kipindi hicho kilianza mwaka 1969, na nyumbani Tanzania kimewahi kupata ndugu yake, Kilimani Sesame, ila mimi nilikutana nacho nikiwa mtu mzima, nikiwa na hofu ya kwenda dukani peke yangu. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza, ya kuhudumia wazee, sehemu kubwa ya Kiingereza nilichokwenda nacho niliipata pale sakafuni, karibu na kapu la nguo. Deni hilo ndilo lililoniinulisha simu miaka mitatu baadaye.

Kosa langu la kwanza lilitangulia hata hiyo simu: sikujua ninampa nani. Nilidhani ni televisheni ya serikali, kama TBC yetu, na nikashangaa serikali tajiri namna hii inaomba watu hela. Haiko hivyo. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya utangazaji wa umma, likaundwa shirika la CPB la kupitishia fedha za serikali kwenda vituoni ili wanasiasa wasishike wenyewe usukani wa vipindi. PBS, mtandao unaovisambazia vituo hivyo vipindi, ikaja baadaye, ikaanza kurusha vipindi mwaka 1970. Lakini PBS haimiliki vituo. Vituo ni zaidi ya 300 nchi nzima, kila kimoja kina mwenyewe: kingine ni cha chuo kikuu, kingine cha jimbo, kingine ni taasisi ya wananchi isiyo ya faida. Hivyo vituo ndivyo vinavyoilipa PBS ada ili vipate vipindi vyake. Kwa hiyo ukitaka mchango wako ulipe umeme wa mnara unaokurushia picha na mishahara ya watu wa mji wako, tafuta jina la kituo cha kwako na ukipe chenyewe. Binamu yangu aliye Leicester analipa leseni ya televisheni kila mwaka, iliyokuwa pauni 174.50 kuanzia Aprili 2025, apende asipende. Huku hakuna anayekuletea ankara. Wanakuomba tu, na unaweza kutazama miaka thelathini bila kutoa senti, wala hakuna atakayekuzimia.

Turudi kwenye usiku ule. Palikuwa na tamasha la muziki wa zamani, na kila baada ya wimbo kadhaa walitokea watangazaji wawili, nyuma yao meza ndefu za watu waliovaa fulana zinazofanana, simu zinaita. Mtangazaji anasema ukitoa dola 30 utapelekewa seti ya santuri za tamasha lile na mkoba. Nimetoka zamu ya saa kumi na mbili, nimelia kidogo kwa ule muziki, nikapiga. Kijana aliyepokea alinisomea masharti haraka. Nilisikia dola 30. Neno "kila mwezi" lilinipita.

Mwezi wa kwanza sikugundua. Mwezi wa pili niliona makato nikadhani ndiyo yale yale yamechelewa. Mwezi wa tatu yakakatwa siku moja kabla ya kodi ya nyumba. Akaunti ikaingia chini ya sifuri, benki ikanitoza faini ya dola 35, hundi ya kodi ikarudi, na mwenye nyumba akaongeza faini yake ya dola 50. Mume wangu hakunigombeza. Aliketi mezani na kalamu, akajumlisha, akaniuliza taratibu, "Mama Rama, hawa watu umewaahidi nini?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu zaidi ya siku zote tangu tufike nchi hii, kwa sababu hata pesa ya kumtumia mama mwezi ule ilipungua.

Wanaita uanachama endelevu. Maana yake makato hayana mwisho wa mwaka. Yanaendelea hadi wewe mwenyewe useme basi, na kadi yako ikiisha muda benki inaweza kuwapa namba mpya bila wewe kufanya lolote. Si ulaghai, vituo vinaupenda utaratibu huu kwa sababu vinaweza kupanga bajeti bila kusubiri msimu. Ila lazima ujue unaingia wapi. Nilipokusanya ujasiri kupiga simu ofisini kwao nilitegemea ugomvi. Dada aliyepokea alinisikiliza, akashusha mchango wangu hadi dola 5 kwa mwezi, akahamisha siku ya makato kutoka tarehe 30 hadi tarehe 7, siku mbili baada ya mshahara. Ilichukua dakika sita. Ningeweza kuzipiga dakika hizo sita miezi mitatu kabla. Kama unajiunga leo, uliza maswali mawili tu kabla ya kutaja namba ya kadi: ni mara moja au kila mwezi, na makato yatafanyika tarehe ngapi. Halafu andika majibu.

Dola 5 kwa mwezi si kidogo, kama wengi wanavyodhani. Katika vituo vingi dola 60 kwa mwaka ndicho kiwango kinachokufungulia Passport, yaani maktaba ya vipindi ya intaneti. Zile dola 30 zilikuwa za seti ya santuri ambayo hadi leo nimeisikiliza mara mbili.

Zawadi zenyewe zina jambo lake la kodi, na hapa nawaona wengi wakipotea. Nilipeleka risiti zangu kwa mjaza fomu nikitegemea kurudishiwa kitu. Akanieleza mambo ambayo ningependa ningeyajua mapema. Kwanza, thamani ya zawadi uliyopewa hutolewa kwenye mchango kabla ya kuhesabu; ukitoa dola 100 ukapokea kitu cha dola 40, mchango wako mbele ya mamlaka ya kodi ni 60. Unaweza kuikataa zawadi unapotoa, na mimi tangu hapo huikataa. Pili, mchango wa dola 250 au zaidi kwa mara moja unahitaji barua ya kituo, stakabadhi ya benki peke yake haitoshi. Tatu, na hili ndilo lililonikata maini, mchango ulipunguza kodi kwa anayeorodhesha matumizi yake moja moja tu, na familia kama yetu hatuorodheshi, kwa kuwa punguzo la jumla, dola 24,400 kwa wanandoa mwaka ule, lilikuwa kubwa kuliko chochote ambacho tungeorodhesha. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 sheria imebadilika: hata asiyeorodhesha anaweza kupunguza michango ya fedha hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Tunza risiti zako.

Wifi yangu alipopata habari alinipigia kutoka Muheza. "Wifi, nimesikia unawachangia Wazungu televisheni. Huku zahanati haina hata kitanda cha kujifungulia." Maneno hayo yalinichoma kwa sababu hayakuwa ya uongo. Tulinyamaza wote wawili kwenye simu. Nikamwambia kiasi, dola 5, na nikamwambia kwa nini: kwamba mtoto wa kaka yake amejifunzia kusoma pale, na kwamba mahali ulipokula si vizuri uondoke bila kuosha sahani. Hakukubali siku ile. Lakini baada ya mazungumzo yale mimi na mume wangu tulipanga jambo ambalo tumelishika hadi leo: mchango wa huku hauvuki ule wa nyumbani, na kila unapopandishwa mmoja, mwingine unapanda kwanza. Anayeishi mbali na kwao ataulizwa swali la wifi, awe na jibu lake mapema.

Kitu kingine nilichokikosa kwa miaka mitatu ni cha bure kabisa. Mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa na utaratibu wa kulipia mchango wa mfanyakazi dola kwa dola. Unajaza fomu, kituo kinathibitisha kuwa umetoa, kampuni nayo inatoa kiasi kile kile. Fomu ina mwisho wa muda, na miaka ile ilishapita. Sikuambiwa kwa sababu sikuuliza. Nililisikia chumba cha chakula kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu. Uliza ofisi ya rasilimali watu wiki hii. Na ukiwa kwenye kuuliza, kiambie kituo kisigawe jina lako kwa taasisi nyingine. Sikusema hivyo mwanzoni, nikapokea barua za kuombwa michango kutoka taasisi ambazo sijawahi kuzisikia, hadi nikalazimika kuweka boksi mlangoni.

Nilianza kujitolea mwaka 2022. Pesa nilikuwa nimeipangia mpaka, lakini Jumamosi yangu ya kupumzika ilikuwa yangu. Wakati shule zilipofungwa kwa korona nilikiona kituo kile kikipanga ratiba yake ya mchana kufuata masomo ya watoto, na Rama, darasa la tatu, alisomea hapo kwa wiki nyingi wakati mtandao wa nyumbani ulipokuwa ukikatika. Nikaona dola 5 hazitoshi kusema ahsante.

Kwa anayefikiria kujitolea, jueni kwamba siku hizi wengi hutoa kwa intaneti na vituo kadhaa vimeacha kuweka watu wa simu studioni. Kazi zipo nyingine: kufungasha bahasha, kuongoza wageni, kuhudumu kwenye minada ya kuchangisha. Desturi hii ya mnada ni ya zamani, kituo cha KQED cha San Francisco kiliuza vitu hewani mwaka 1955 ili kisifungwe kwa kukosa fedha, na mtu aliyewahi kukaa kwenye harambee ya kwetu yenye kuku wa kunadiwa hatajiona mgeni. Kama utakaa na watoto watachunguza rekodi yako kwanza, jambo linalochukua wiki kadhaa, hivyo usisubiri hadi siku ya shughuli. Kwenye kodi muda wako hauhesabiwi hata saa moja. Mafuta ya gari huhesabiwa, senti 14 kwa maili, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1998, na tena kwa wanaoorodhesha tu.

Kituo chetu bado kina simu. Zamu yangu ya kwanza nilifika na tumbo linaniuma kwa ajili ya lafudhi yangu. Msimamizi, bibi mwenye nywele nyeupe aliyejitolea pale zaidi ya miaka ishirini, alinipa karatasi ya maneno na kuniambia nisome polepole kuliko ninavyodhani inafaa. Simu ya tatu ilikuwa ya mzee anayetaka kutoa dola 10. Hakuwa na haraka. Alinieleza habari za mke wake aliyefariki, kipindi cha bustani walichokitazama pamoja kila Jumamosi, kisha akaniuliza ninatoka wapi. Nilimwambia. Akasema, "Basi umetoka mbali kuja kupokea simu yangu." Nilihitaji dakika moja kabla ya kuinua simu nyingine.

Zamu hiyo hiyo nilifanya kosa zito. Mashine ya kujazia fomu ilikwama katikati ya simu, na mimi, kwa tabia ya daftari la mama, nikaandika jina la mtu, namba ya kadi yake na tarakimu za nyuma kwenye kijitabu changu ili nijaze baadaye. Bibi msimamizi aliona. Alisubiri nimalize, akanichukua pembeni, akakiomba kile kijitabu, akaichana karatasi na kuipitisha kwenye mashine ya kukatakata mbele yangu. Kisha akasema kama mashine imekwama unamwomba mtu ruhusa ya kumpigia tena, basi. Namba ya kadi haikai kwenye karatasi yako hata sekunde. Nilitetemeka mikono, nikafikiri nitaambiwa nisirudi. Niliambiwa nirudi Jumamosi ifuatayo. Ninyi mnaotoka kwenye kamati zetu za madaftari, liacheni daftari nyumbani.

Mwaka 2023 giaboksi ya Corolla yetu ya 2001 ilikufa, tukaamua kuitoa gari kwa kituo. Utaratibu ni mzuri: unapiga simu, gari linavutwa bure, linauzwa mnadani, kampuni ya katikati inachukua sehemu yake na kituo kinapata inayobaki. Kilichotusumbua ni kadi ya umiliki. Mume wangu aliisaini mezani jikoni ili kurahisisha mambo. Hapa Ohio saini ya mwenye gari lazima iwekwe mbele ya notari, anayeshuhudia ukisaini. Kadi ile ikawa imeharibika, tukaomba nyingine, tukalipa ada, na gari likakaa wiki tatu zaidi kwenye maegesho huku meneja wa majengo akituandikia barua. Usisaini chochote kabla ya kuuliza sheria ya jimbo lako. Toa pleti namba na vitu vyako vyote, na bima usiifute hadi gari limeondoka na umiliki umehama. Liliuzwa dola 425. Kwa gari lililouzwa dola 500 au pungufu, anayeorodhesha haruhusiwi kupunguza zaidi ya 500, kwa hiyo msitoe gari kwa kufuata kodi. Toeni kwa sababu halitembei na linaweza kumlipa mtu mshahara wa siku kadhaa.

Halafu ikaja Julai 2025. Bunge lilipiga kura kufuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa CPB kwa miaka miwili, Rais Donald Trump akatia saini tarehe 24, na tarehe 1 Agosti CPB ikatangaza kwamba inaanza kufunga shughuli zake. Kwa wastani fedha za serikali zilikuwa karibu asilimia 15 ya mapato ya televisheni za umma, lakini vituo vidogo vya vijijini vilizitegemea kuliko hivyo. Niliposoma habari ile nilikuwa kwenye basi. Nilimfikiria yule mama wa Bukavu, na familia iliyofika wiki ile ile mahali fulani na kubandika antena dirishani.

Watu walitoa kwa wingi siku zile, wengine kwa hasira, wengine kwa hofu. Niliwaona wakiahidi viwango vikubwa sana, na kila nilipousikia mtetemo ule kwenye sauti niliukumbuka usiku wangu wa Machi. Karatasi ya maneno hainiruhusu kumwambia mtu atoe pungufu, wala sitaki. Lakini inaniruhusu kusoma masharti polepole na kuuliza kama ameelewa, na hapo ndipo ninapotumia dakika zangu. Mchango wangu niliupandisha hadi dola 8, baada ya ule wa Muheza kupanda kwanza. Safari hii ni wifi mwenyewe aliyeuliza, "Na wale watu wako wa televisheni, wamesalimika?"

Desemba nilikuwa zamuni. Rama, sasa miaka kumi na minne na mrefu kunizidi, alikuwa chini akisaidia kupanga mikoba. Simu yangu ikaita, mwanamke akajitambulisha kwa Kiingereza chenye mwendo ninaoujua. Nikamaliza salamu ya karatasi, kisha nikamuuliza kwa Kiswahili kama ingependeza zaidi nikimsomea kwa lugha yetu. Alicheka kwa furaha. Mama wa Goma, mwaka wa pili hapa, watoto watatu. Alitaka kutoa dola 5.

"Mama, hizi dola 5 zitakatwa kila mwezi," nikamwambia. "Kila mwezi, hadi siku utakayosema wewe zisimame. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mshahara wako unaingia tarehe ngapi?"

Akanyamaza, akihesabu. "Tarehe kumi na tano."

"Basi niandike makato yawe tarehe kumi na saba?"

"Andika, dada," akasema.